Kaskazi Niliyopoteza Mguu

Watu wengi huniuliza kama alikuwa papa. Wanatazama mahali ulipokuwa mguu wangu wa kushoto, wanasikia kwamba nilikuwa mkulima wa mwani, basi wanajipatia jibu lao wenyewe. Zamani nilikuwa nawasahihisha. Siku hizi nikiwa nimechoka nawaachia papa wao, maana papa anaeleweka. Anaonekana, ana meno. Kilichonila mimi hakionekani kwa macho, na kiliingia kupitia mchubuko ambao hata mtoto asingeulilia.

Naandika kwa ajili ya wanawake wenzangu wanaoingia majini, na kwa ajili ya waume zao na mawifi zao pia, kwa sababu ugonjwa huu haungoji watu wakubaliane. Ya kitaalamu waulizeni wataalamu. Mimi nina yaliyonipata tu.

Kijiji chetu kiko pwani ya Mkinga. Mume wangu, Baba Saumu, ni fundi cherehani, anashonea barazani kwetu. Mimi nimelima mwani tangu binti yetu Saumu ananyonya. Saumu sasa ni mtu mzima, ameolewa, ameachika, amerudi nyumbani, na tukawa tunaingia shambani pamoja. Ukuta kwa ukuta na sisi anakaa wifi yangu Hadija, dada mkubwa wa mume wangu. Mama yao alikufa mapema, yeye ndiye aliyemlea mdogo wake, na nyumbani kwetu neno la wifi Hadija lilikuwa halirudishwi.

Kaskazi ile joto lilipita kiasi. Bahari ikipwa, maji yanayobaki kule kwenye mashamba yetu yalikuwa ya moto kama maji ya kumwogesha mzazi. Mwanzoni tulicheka. Tulisema tumeletewa bafu la matajiri. Kisha mwani ukaanza kugeuka mweupe kwenye kamba, ukishikwa unakatika, unateleza mkononi kama ute. Hapo hatukucheka tena. Kila maji yalipotoka tuliingia kuokoa kilichobaki, jua likiwa utosini, miguu ikichemka.

Siku hiyo nilikuwa nang'oa kigingi kilichooza. Kilikuwa kimeota chaza pande zote. Kilipoachia ghafla, kilinichana kwenye muundi, chini kidogo ya goti. Damu ilitoka, si nyingi.

"Mama, toka ukanawe," Saumu akaniambia.

"Na haya ni nini? Si maji?"

Maji ya chumvi ni dawa, ndivyo tulivyolelewa wote. Ukiwa na kidonda unaambiwa kipeleke baharini. Nikaendelea kufanya kazi mpaka maji yalipoanza kujaa.

Jioni mguu ulikuwa unawaka. Kulipopambazuka sikuweza kuukanyagia. Ulikuwa umevimba mpaka gotini, ngozi inang'aa kama biringanya, na juu yake yametoka malengelenge yenye maji meusimeusi. Nilikuwa natetemeka katika joto lile, nimejifunika kanga mbili na shuka, meno yanagongana.

Wifi Hadija aliingia, akanitazama, akatazama mguu, akarudi nyuma hatua moja.

"Huyu amekanyaga kitu," akamwambia mume wangu. "Gamba la chaza halifanyi hivi. Mimi nimekatwa na chaza maisha yangu yote. Mguu huu una mkono wa mtu."

"Shangazi, twende hospitali," Saumu akasema.

"Hospitali watamchoma sindano, na vitu vya namna hii vikichomwa sindano ndiyo vinamaliza. Subirini nimlete mtu."

Mume wangu alisimama katikati ya mlango. Namwona mpaka leo, futi yake ya kupimia nguo imening'inia shingoni, anamtazama dada yake, ananitazama mimi. Alikuja mzee wa watu, akanisomea, akaniandikia kombe nikanywa. Kombe lile sijutii kulinywa, maneno ya Mwenyezi Mungu hayamdhuru mtu. Kilichonidhuru ni muda. Asubuhi yote ilipita, na adhuhuri ikapita, na weusi ulikuwa unapanda.

Alasiri, naambiwa, nilianza kuzungumza na mama yangu aliyekwisha kufa. Saumu alitoka bila kuaga. Aliporudi alikuwa na jirani mwenye pikapu, anayepeleka nazi mjini. Akasimama mbele ya shangazi yake, akapiga goti kwa adabu, akasema:

"Shangazi, nisamehe. Mama yangu anaongea na watu wasiokuwepo. Nampeleka Tanga. Ukitaka kunilaani, nilaani tukirudi."

Wakanilaza juu ya nazi. Ya njiani siyajui.

Nakumbuka benchi. Hospitali kubwa ya mjini, ukumbi wa kusubiria, benchi la mbao limelainishwa na makalio ya watu, nami nimelazwa kichwa mapajani mwa Saumu. Mbele yetu mwanamume ameshika mkono wake uliovunjika kama ameshika mtoto wa mtu. Aliponiona mguu alisema, "Mpitisheni huyu, mimi nitangoja." Sikupata kumjua jina. Kwenye ugonjwa wangu nina watu wengi wa namna hiyo, wasio na majina, na huwa nawaombea wote kwa mkupuo mmoja.

Daktari alikuwa mwanamke, Mbondei, kijana kuliko nilivyotarajia. Alibonyeza mguu, akanusa, akauliza swali ambalo hakuna aliyeniuliza tangu asubuhi:

"Mama, uliingia baharini ukiwa na kidonda?"

"Kidonda nilikipata humohumo."

"Maji yalikuwa ya moto?"

"Ya kuchemka, mwanangu."

Akatikisa kichwa. Alinieleza baadaye, nilipokuwa na akili. Kuna vijidudu vinavyoishi baharini vinavyopenda joto. Maji yakipoa vinatulia, watu wanaoga wala havina habari nao. Maji yakipata moto kama kaskazi ile vinazaliana, vinakuwa vingi, vinangoja mlango. Mwenye afya nzuri hupona mara nyingi. Mwenye ini bovu au kisukari vijidudu humla haraka. Walinipima sukari, ikaonekana ninayo, pengine kwa miaka. Kiu yangu na kwenda haja kila saa nilidhani ni utu uzima.

Wakaniwekea dripu, wakanichoma sindano za dawa kali, wakaniingiza chumba cha upasuaji wakakata nyama iliyokwisha kufa. Nikatoka. Kesho yake wakafungua bandeji, nikaona, nikajua. Weusi ulikuwa umevuka pale walipokata.

Saa ya kuona wagonjwa walikuja wote. Mume wangu, wifi Hadija, Saumu, na dada yangu Rukia anayekaa Makorora. Daktari akawaambia wazi mbele yangu: mguu ukatwe leo, chini ya goti, kama goti bado litaokoka. Wakingoja mpaka kesho watakata juu zaidi, na kesho kutwa huenda pasiwe na wa kukatwa.

Mume wangu akakaa chini sakafuni.

Wifi Hadija ndiye aliyejibu. "Tunashukuru, daktari. Sisi tunaomba mgonjwa wetu. Tutamrudisha nyumbani. Mtu azikwe mzima."

"Wifi, mimi sijafa," nikasema. Sauti ilitoka ndogo sana, sijui kama walinisikia.

"Baba Saumu," akaendelea, "sema wewe. Ni mke wako. Unataka mke wa magongo? Nani atakupikia? Nani atamwosha?"

Mume wangu aliniangalia kutoka pale chini. Macho yalikuwa mekundu. "Mama Saumu," akasema, "mguu wako mimi siwezi kusema wakate. Ulimi haunyanyuki."

Nilikuwa nimechoka. Nataka mnielewe hapa, kwa sababu watu hunisifu kwamba nilikuwa jasiri. Sikuwa jasiri. Nilichoka kuumwa, nilichoka kusikia watu wakinijadili kama kitambaa kilichopungua. Nilitaka tu jambo limalizike.

"Baba Saumu, uliniposa mimi au uliposa mguu?"

Akashika chuma cha kitanda.

"Kama uliposa mimi, basi mimi nasema wakate. Na wewe wifi, ukitaka maiti nzima, utaipata yako siku yako ikifika. Mimi naomba kubaki."

Dada Rukia alianza kulia. Saumu alinishika mkono. Wifi Hadija alijifunga mtandio wake vizuri, akatoka wodini, na sikumwona tena kwa miezi.

Wakakata. Goti likabaki.

Nilipozinduka jambo la kwanza nililohisi ni vidole vya mguu ule ule, vinawasha. Niliinua shuka nikaona bandeji na baada yake kitanda. Nikaifunika tena, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake.

Kitanda cha pili alilazwa Mama Anjela kutoka Maramba, Mlutheri, mkono wake umeungua kwa mafuta ya kukaangia. Alikuwa mtu wa kuimba chinichini asubuhi na kukoroma mchana. Siku moja akaniona napapasa.

"Unajikuna wapi, mwenzangu?"

"Kidole cha mguu."

"Upi?"

"Huo usiokuwepo."

Hakucheka. Aliteremka kitandani na mkono wake mmoja mzima, akaja mpaka miguuni pangu, akakuna shuka palepale ambapo kidole kingekuwa. "Hapa?" "Kushoto kidogo." Akakuna. Na wallahi kuwashwa kukatulia. Alifanya hivyo kila siku mpaka alipopewa ruhusa. Nimewaeleza madaktari, wanasema mambo hayo yapo. Mimi nasema Mama Anjela yupo.

Masika ilianza ningali wodini. Mvua ikipiga bati hatusikii wauguzi wakiita. Siku zangu nilizipima kwa kusafishwa kidonda: kuna siku ya kusafishwa na siku ya kuogopa kusafishwa, nyingine hakuna. Walitoa ngozi pajani wakaibandika kwenye kigutu, kile kipande cha mguu kilichobaki. Paja liliuma kuliko kigutu chenyewe. Nywele zilinitoka mafungu mafungu kwenye mto. Nilipungua mpaka pete ikawa inaanguka, Saumu akaivaa yeye kidoleni isije ikapotea.

Na mume wangu hakuja. Tangu siku ile ya kukatwa hakuja. Saumu alipanda na kushuka baina ya kijiji na mji, uji kwenye chupa, nguo safi kwenye mfuko wa rambo. Nikimuuliza, "Baba yako?" anasema, "Ana kazi nyingi." Sikukuu haikuwa karibu wala harusi. Kazi gani hiyo? Nikaacha kuuliza. Moyoni nilimhesabu miongoni mwa walioniacha.

Nilipotoka hospitali nilipelekwa kwa dada Rukia, Makorora, ili niwe karibu na kliniki. Wasioujua ugonjwa mrefu hudhani kutoka hospitali ndiyo kupona. Kwa dada choo kiko uani, na kukifikia kuna ngazi moja. Ngazi moja tu ya saruji. Mara mbili nilianguka pale, mara moja nikagonga kigutu, nikapiga ukelele majirani wakaja mbio. Dada alinibeba, alinifulia, alinichoma sindano za sukari asubuhi na jioni akiwa amefumba jicho moja kwa woga. Hata hivyo binadamu ana mwisho. Kuna mchana mmoja nilikataa ugali wa dona alioupika kwa ajili yangu, nikataka wali. Akaweka sahani chini kwa kishindo.

"Nimechoka, mdogo wangu! Nimechoka na wewe!"

"Hata mimi nimechoka na mimi."

Tukatazamana. Kisha akacheka, nami nikacheka, tukacheka mpaka machozi, na mengine yalikuwa machozi ya kweli. Baada ya hapo tuliishi vizuri zaidi. Nawaambia wanaouguza: semeni kwamba mmechoka. Mgonjwa anajua. Anawaona.

Kusi ilikuwa imeshika, hewa imepoa, nimekaa uani najifunza magongo, mlango wa mbele ukabishwa. Nikasikia, "Hodi wenyewe," nikaijua sauti. Dada Rukia akamkaribisha kwa uso mkavu, akaingia ndani kutuachia nafasi.

Mume wangu alikuwa amekonda kuliko mimi. Alikaa kwenye kigoda mbali kidogo, mfuko mapajani.

"Umekuja kuangalia kama bado nipo?" nikamwambia.

Akaukunja mdomo wa mfuko, akaukunjua. Kisha akasema, "Walinipa mguu wako, Mama Saumu."

Sikuelewa.

"Siku ile. Walisema wenye dini yetu huwa wanataka kuzika wenyewe. Wakanipa. Nikanunua kitambaa cheupe, nikakikata mwenyewe, maana ndiyo kazi yangu. Nimekata nguo yako ya harusi, nimekata nguo zako za uzazi. Nikakata na ile. Nikauzika peke yangu na mchimba kaburi mmoja. Nilipotoka makaburini nikashindwa kurudi wodini. Nilijiona nimekuzika nusu. Nitakujia na uso gani? Kila nikipanga safari, nikifika barabarani narudi."

Miezi ile yote nilidhani amenikimbia kwa sababu nimepunguka, kumbe yeye ndiye aliyekuwa amebeba hicho kilichopungua.

Akafungua mfuko. Ndani mlikuwa na vifuko vya pamba laini, vimeshonwa kama soksi zisizo na vidole, vya kuvisha kigutu. Vingi, vya rangi mbalimbali, mshono umegeuzwa nje ili usikwaruze ngozi. Vilikuwa vikubwa, vinapwaya. Hakuwa na kipimo.

"Leta nipime," akasema.

Akapiga magoti mbele yangu, akatoa futi shingoni. Akapima. Ndiyo mara ya kwanza alipokiona kigutu na kukigusa. Alifumba macho kidogo, akafumbua, akasema kipimo kwa sauti, kama ananipimia gauni.

Nilirudi kijijini mwanzo wa vuli. Baadaye nilipata mguu bandia. Ni mzito na unachubua, nauvaa kwenye shughuli za watu, siku nyingine natumia magongo. Baharini siingii. Saumu anaingia, nimemshindwa, ila anavaa viatu vya mpira virefu, na mwenye jeraha hata la ukucha hashuki mpaka likauke. Wanawake wenzangu nimewaambia, nawaambia na nyinyi: kaskazi maji yakichemka, ukichubuka toka, nawa kwa maji safi na sabuni. Ukiona wekundu unatembea, mguu unauma kuliko ukubwa wa kidonda, homa inakuja, usilale nao. Nenda siku hiyo hiyo, na mwambie daktari kwamba ulikuwa baharini. Halafu pimeni sukari. Wengi wetu tunayo na hatujui. Kisomo kisomwe njiani, gari linatembea.

Wifi Hadija alinisalimu kwa mbali vuli yote. Hujambo, sijambo, basi. Tuliishi ukuta kwa ukuta kama watu wa miji miwili.

Kaskazi iliyofuata ikaingia, na joto lake. Asubuhi moja nilikuwa barazani nachambua mchele, nikamwona amesimama uani kwetu, ameshika ukuta. Jana yake alikuwa ameingia baharini kutanda uduvi kwa kanga.

"Wifi," akasema. "Hebu nitazame."

Akainua kanga. Kwenye kifundo cha mguu palikuwa na jeraha dogo, na kuzunguka jeraha, wekundu umepanda kiasi cha upana wa kiganja. Nilipoweka mkono palikuwa pa moto.

"Limekupata majini?"

"Majini."

Sikumwita mume wangu wala sikumuuliza mtu. Nilimtuma Saumu aite bajaji, nikachukua magongo yangu. Nasema mapema msije mkahangaika: alipona. Alilazwa, akachomwa sindano, akarudi nyumbani na miguu yake yote miwili, na mpaka leo anatembea kwa kishindo akinipita barazani.

Lakini ninayoikumbuka zaidi ni asubuhi ile kituo cha afya, kabla ya kulazwa. Tulikaa kwenye benchi, watu wamejaa, watoto wanakohoa. Muuguzi kijana alikuja moja kwa moja kwangu na kiti cha magurudumu.

"Shikamoo mama. Njoo ukae hapa, tutakuona kwanza."

"Marahaba. Mgonjwa si mimi. Ni huyu."

Akamtazama wifi, akautazama mguu, akasema atarudi sasa hivi. Tukabaki wawili. Wifi Hadija alikuwa anatetemeka kwa homa. Nilivua mtandio wangu nikamfunika mabega.

"Wifi," akasema bila kunitazama, "siku ile nilisema urudishwe nyumbani."

"Ulisema."

"Ungekufa."

"Ningekufa."

"Nilikuwa naogopa kwa ajili ya ndugu yangu. Sikukuona wewe kabisa."

Nilitaka kumwambia ni sawa, nikaona si sawa, na sikuwa na nguvu ya kusema uongo asubuhi ile. Nilisogea tu, nikampa bega langu alalie, akalalia. Alikuwa mzito. Tukakaa hivyo, macho mlangoni, mpaka walipoita jina lake.